Je, Wajua? Redio ya mbali husikika usiku kwa sababu ya anga

Stesheni ya redio ya masafa ya kati isiyosikika mchana huweza kunaswa usiku mamia ya kilomita mbali, ingawa mtambo wake haukuongezewa nguvu. Kilichobadilika ni anga. Mchana, miale ya jua hubandua elektroni kutoka kwenye hewa, na tabaka lililo kilomita 60 hadi 90 juu yetu hulimeza wimbi likiwa bado linapanda. Jua likizama, tabaka hilo hufifia upesi. Wimbi hupita, hufikia matabaka ya juu zaidi, hupindwa na kurudi ardhini.

Huenda mtu akasema ni utulivu wa usiku tu. Kama ndivyo, FM nayo ingefika mbali vilevile, lakini haifiki. Wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300. La FM la megahezi 100 lina mita 3. Yote husafiri kwa kasi ya mwanga, ila hilo fupi kwa kawaida hupenya anga na kwenda zake. Ushahidi unaopendeza zaidi kwamba anga hurudisha mawimbi ni wa Desemba 1924, nchini Uingereza: wanafizikia Edward Appleton na Miles Barnett, wakiwa Oxford, walipokea mawimbi ya mtambo wa BBC wa Bournemouth huku masafa yake yakibadilishwa polepole. Nguvu ilipanda na kushuka, kwani wimbi lililopita ardhini na lililorudi kutoka juu yalikutana, mara yakisaidiana, mara yakifutana. Kwa kuhesabu mabadiliko hayo walipata kimo cha tabaka lililolirudisha wimbi: takriban kilomita 100.