Bibi Titi Mohamed: Maisha Baada ya Kuanguka

Katika darsa za akina mama huku Madale swali linalorudi mara nyingi si la udhu wala la funga. Ni la mwanamke aliyeachwa au kufiwa: nitaanzia wapi? Wengi wamekuja huku pembezoni mwa Kinondoni kuanza upya. Chumba kimoja kimeezekwa, vingine vinangoja. Leo nitawajibu kwa kumtaja mama wa mji huu huu, marehemu Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule aliisoma kidogo, akaolewa angali binti mdogo, na ndoa ile ya kwanza haikudumu. Mjini alijulikana kwa sauti yake katika vikundi vya ngoma vya akina mama. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kitengo cha wanawake cha TANU, aliviendea vikundi hivyo hivyo, na katika miezi michache akaandikisha wanawake wapatao 5,000. Baada ya Uhuru akawa Mbunge, Waziri Mdogo, na mwenyekiti wa kwanza wa UWT iliyoundwa mwaka 1962.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha Bunge. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu Kamati Kuu. Oktoba 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akakana, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani mumewe alimwacha, na marafiki wengi wakajitenga naye.

Hapa naomba tusimame kidogo. Qur'ani Tukufu katika Sura ya Talaka inamkataza mume kumtoa mkewe nyumbani katika kipindi cha edda, na wanavyuoni wameeleza kuwa miongoni mwa hekima zake ni kuuacha wazi mlango wa kurejeana. Mwanamke aliyeko gerezani nyumba hiyo ataipata wapi? Sisemi kuwa talaka ya namna hiyo haisihi. Kusihi ni jambo moja na wema ni jambo jingine. Na marafiki je? Mitaani kwetu mwanamke akiachwa, shoga zake huacha kumwalika harusini, wakichelea atawachukulia waume. Nimewasikia akina mama wakisema kuwa hilo liliwauma kuliko talaka yenyewe, nami nawasadiki.

Bibi Titi alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere, akiwa na umri wa miaka arobaini na ushei. Cheo hakikurudi. Aliishi kimya. Miaka ya 1980 alikuja mtafiti Mmarekani, Susan Geiger, naye akamsimulia maisha yake kwa kinywa chake. Yakachapishwa mwaka 1997 katika kitabu kuhusu wanawake wa TANU. Simulizi ile inaanzia utotoni, ikapita katika ndoa na ngoma, hadi kwenye mikutano ya kudai Uhuru. Gereza halikufanywa mlango wa kuingilia katika maisha yake. Mimi naona hapo ndipo penye jibu la swali la mama zetu. Mwanamke anayejieleza kwa kuanza na talaka yake amejifungia ndani ya siku moja, na miaka mingine yote ameiacha nje.

Wala sisemi asilie. Nabii Yaakub (A.S.) alilia hata macho yake yakawa meupe, na huzuni yake akaipeleka kwa Mola wake, lakini katika hali hiyo hiyo aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Subira yake ilikuwa na miguu. Basi mama aliyeachwa na atazame kilichobaki mikononi mwake: ufundi wa kushona, kikundi cha kuwekeana fedha, elimu ya chuoni aliyoisoma utotoni. Na kaka zake wasimwachie kazi hiyo peke yake, kwa kuwa baba akishafariki, wao ndio nyumba yake.

Mwaka 1991, katika sherehe za miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama lilimtaja Bibi Titi kuwa shujaa wa mapambano hayo. Ilikuwa imepita miaka 19 tangu atoke gerezani. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, na barabara ipitayo kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake.