Mnara wa Boti na Faiba Inayoubeba

Mnara wa alumini ukifungwa kwenye boti ya faiba, kinachotangulia kuharibika mara nyingi si boliti wala mabomba, bali ile faiba iliyo chini ya nyayo zake. Faiba hustahimili mzigo uliotawanyika. Mzigo ukikaa mahali padogo, hupasuka. Na mnara ni wenzo. Tuseme kamba ya kumvuta mtelezaji wa majini imefungwa mita 2 juu ya nyayo, nayo inavuta nyuma kwa nguvu ya kilo 100. Ikiwa nyayo za mbele na za nyuma zimeachana kwa sentimita 60, zile za mbele hung'olewa kwa nguvu ya kilo 330 hivi. Nyufa nyembamba kama unywele kuzunguka boliti ndiyo dalili ya mwanzo, na haifai kupuuzwa.

Uimarishaji hufanywa upande wa chini. Rangi hukwanguliwa, faiba husuguliwa kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, kisha hufutwa kwa asetoni. Vumbi la faiba hudhuru mapafu. Barakoa ni lazima. Epoksi hushika faiba kuukuu vizuri kuliko poliesta. Vitambaa vya faiba hupandanishwa, kila kimoja kikiwa kipana kuliko kingine, ili unene upungue taratibu, maana unene unaokatika ghafla huzaa ufa mpya. Mwisho huwekwa bamba la alumini la milimita 6, pana kuliko unyayo na lenye pembe za mviringo, likilazwa juu ya epoksi nzito pasibaki uwazi.

Sitaha yenye mti wa balsa katikati ya faiba mbili hudai uangalifu zaidi. Boliti ikikazwa, balsa hubonyea. Maji yakipenya, huoza bila kuonekana. Tundu hutobolewa kubwa kuliko boliti, kisha msumari uliokunjwa hufungwa kwenye drili na kuzungushwa humo hadi balsa ya pembeni itoke. Pengo hujazwa epoksi nzito, na ikishakauka hutobolewa upya kwa kipimo cha boliti. Sasa boliti hupita ndani ya nguzo ngumu, isiyobonyea wala kunywa maji.

Mdomo wa tundu hupanuliwa kidogo ili gundi ya kuzibia maji ikae kama pete. Boliti za chuma kisichoshika kutu hutengwa na alumini kwa washa za plastiki, kwani metali hizo zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Baada ya safari chache za kwanza, nati hukaguliwa na kukazwa tena.