Bega la Pushpa na mti unaotoa damu (2)

Jioni za Juni, upepo wa Ufipa unaposhuka Majengo, banda la video huwa na joto kuliko nyumba nyingi za Sumbawanga. Watu wamebanana kwenye mabenchi, makoti yamefungwa hadi shingoni. Stelingi akiingia, wengi hawaanzi na uso wake. Wanatazama bega. Moja limepanda, jingine limeshuka, kama la mtu aliyebebeshwa magunia ya mahindi tangu utotoni mpaka mwili ukasahau ulivyokuwa. Kisha mkono unapita taratibu chini ya kidevu, ukifuta ndevu. Kesho yake watoto waliotumwa maji wanatembea vivyo hivyo, ndoo mkononi na bega juu.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilizungumzia Baahubali na RRR, filamu za Kitelugu zilizozifungulia njia nyingine. Leo ni zamu ya Pushpa: The Rise, iliyotoka tarehe 17 Desemba 2021 chini ya mwongozaji Sukumar. Mabandani huitwa tu muvi ya Kihindi, ingawa Kitelugu ni lugha nyingine kabisa, ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana kusini mwa India. Anayemwigiza Pushpa, stelingi wake, ni Allu Arjun, mjukuu wa mchekeshaji Allu Ramalingaiah na mtoto wa mtayarishaji filamu Allu Aravind. Amezaliwa ndani ya sinema, na kwa miaka mingi mashabiki walimwita nyota wa mitindo kwa mavazi na uchezaji wake. Humu amepakwa vumbi, amevaa msuli na shati la rangi kali, ni kibarua wa kupakia magogo. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora, iliyotangazwa mwaka 2023, akiwa wa kwanza kutoka sinema ya Kitelugu kuipata.

Uzuri wa kwanza wa filamu hii ni kwamba urembo wake umetoka kazini. Miondoko yake yote inahusu mzigo: kuunyanyua, kuuficha, kuupitisha. Bidhaa yenyewe ni msandali mwekundu wa milima ya Seshachalam, mti usioota kwa asili popote duniani isipokuwa kusini-mashariki mwa India. China unatakiwa kwa samani, Japani kwa ala ya muziki iitwayo shamisen. Polisi wakivamia, Pushpa anaamuru magogo yatupwe mtoni. Njia zikibanwa, yanasafiri yamefichwa ndani ya lori la maziwa. Mtazamaji anashika pumzi kwa sababu anaelewa hesabu: gogo moja likikamatwa, ni nani atakayelipia?

Na Rukwa inaielewa hesabu hiyo kuliko watazamaji wa Mumbai. Jina la kitaalamu la msandali ule ni Pterocarpus santalinus. Mninga, unaotengenezewa vitanda na milango katika karakana za maseremala wetu, ni Pterocarpus angolensis. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Uwanda wa Ufipa wenyewe ni nyasi na mashamba, hivyo mbao hizo hupanda kutoka misitu ya miombo ya chini, hasa upande wa Katavi. Aliyewahi kuchanja gome la mninga ameuona utomvu wake: mwekundu, mzito, unatiririka kama damu ya mnyama. Ndugu mwingine ni mkurungu, Pterocarpus tinctorius, ambao ng'ambo ya mpaka Wazambia huuita mukula. Mti huo ulipopata soko China, Zambia ilipiga marufuku biashara yake mara kadhaa, na mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Msandali wa Pushpa ulishaingia orodha hiyo mwaka 1995. Kwa hiyo anayeketi bandani Majengo, akiijua barabara ya Tunduma, akijua gogo halali hugongwa nyundo ya alama na husafirishwa kwa hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, haangalii ndoto ya mbali.

Hata bei ameieleza Sukumar kwa namna ambayo mkulima wa mahindi wa Laela angeidaka mara moja. Pushpa anapanda kutoka mshahara wa kibarua hadi kudai fungu la faida, kisha anagundua kwamba mlanguzi mkuu, Mangalam Srinu, anauza Chennai kwa bei iliyo mara kadhaa ya anayowalipa watu wa msituni. Anakwenda kumwambia usoni. Ngumi zinazofuata zina sababu, na ndiyo maana zinauma. Filamu nyingi za mapigano zinatafuta sababu baada ya ngumi.

Chini ya yote kuna suala la jina. Pushpa ni mtoto wa nje ya ndoa, na ndugu zake wa baba wanamnyima ubini hadharani, hata uchumba wake unavunjika kwa ajili hiyo. Mwishoni anatokea afisa wa polisi Bhanwar Singh Shekhawat, anayeigizwa na Fahadh Faasil, na ugomvi wao unawaka kwa neno moja: afisa anataka aitwe afande. Hapo banda hunyamaza. Faasil ni mwigizaji wa hali ya juu, anatisha kwa kunong'ona. Kosa ni kwamba ameletwa filamu ya karibu saa tatu ikiwa imebaki kama nusu saa, na adui wa aina yake alistahili kutuandama tangu mapema.

Sauti ya asili hatuipati sote. Allu Arjun anazungumza lahaja ya wilaya ya Chittoor, ambayo ilibidi ajifunze, na ladha hiyo hufa mara tu mtafsiri anapopaza sauti yake juu ya filamu, kwa mtindo uliopata umaarufu Dar es Salaam kwa Lufufu na Kenya kwa DJ Afro. Bega halihitaji tafsiri.

Doa kubwa la Pushpa ni Srivalli, msichana anayeigizwa na Rashmika Mandanna. Stelingi analipa fedha ili binti amtazame na kutabasamu, kisha anatoa rupia 5,000 apate busu, na filamu inataka tucheke. Kipande ambamo anamgusa isivyofaa ndani ya gari kiliondolewa baada ya filamu kutoka, watu walipolalamika, lakini fikra iliyokizaa haikuondolewa. Baadaye linaletwa dume baya zaidi, Jolly Reddy, linalomtaka binti huyo kwa vitisho, ili Pushpa aonekane mwokozi. Huo ni ujanja wa kumwosha mtu kwa tope la mwingine. Mabinti hukaa bandani pamoja na kaka zao, na wavulana wanaoiga bega wanaiga na hili.

Sehemu ya pili, Pushpa 2: The Rule ya Desemba 2024, ilijaribu kurekebisha. Srivalli sasa ni mke mwenye kauli: yeye ndiye anayetaka picha ya mumewe na waziri mkuu wa jimbo, na picha hiyo ikikataliwa Pushpa anaamua kumbadilisha waziri mkuu mwenyewe. Kuna pia onyesho la jatara ya Gangamma, sikukuu halisi ya Tirupati ambamo wanaume huvaa mavazi ya kike kumheshimu mungu wao wa kike. Allu Arjun anacheza humo akiwa na sari, amepakwa buluu mwili mzima, na ni kipande bora kuliko vyote katika filamu zote mbili. Yanayobaki yamevimba. Filamu inapita saa tatu, Pushpa hashindwi na chochote, na msitu umegeuka mandhari tu ya nyuma.

Waliopotea zaidi ni wakata miti. Tarehe 7 Aprili 2015, katika msitu huo huo wa Seshachalam, polisi wa Andhra Pradesh waliwapiga risasi na kuwaua watu 20 waliodaiwa kukata msandali, wengi wao vibarua kutoka jimbo jirani la Tamil Nadu. Katika Pushpa vibarua wa namna hiyo wanaonekana kwa makundi. Wanabeba, wanacheza ngoma, wanapigwa, wanakimbia. Hakuna hata mmoja ambaye kamera inafika mlangoni kwake, ambako mke anauliza kwa nini kibarua mwenza wa mumewe amerudi peke yake.

Itaendelea wiki ijayo.