Shirazi: Jina na Swali la Asili

Mwanafunzi mmoja wa Kawangware alinijia amenuna. Mwalimu, akiita majina darasani, alifika kwenye "Shirazi" akamwuliza alihamia lini kutoka Uajemi. Darasa likaangua kicheko.

Jina hilo ni nisba: Shiraz, mji wa Iran, likaongezwa kiishio -i, yaani mtu wa Shiraz, kama al-Barawi alivyo mtu wa Barawa. Lilienea pwani kwa masimulizi ya Kilwa, hata likaingia katika Afro-Shirazi Party, iliyoundwa Zanzibar mwaka 1957. Wasomi wengi (nami nilikuwamo) waliliona pambo la kujitafutia ukuu. Lakini uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwa wengi nasaba ya Kiajemi upande wa akina baba tangu yapata mwaka 1000. Upande wa akina mama ulikuwa karibu Uafrika mtupu.

Wanubi wa Kibera, mtaa ambao jina lake linatokana na neno lao la msitu, wanalijua vyema swali la mwalimu yule. Kwa miaka mingi vijana wao walihojiwa na kamati kabla ya kupewa vitambulisho, ilhali babu zao walikaa pale tangu mwanzoni mwa karne ya 20.