Swichi Janja Ikigoma, Anza na Kidole

Malalamiko yanayomfikia fundi karibu siku zote ni yaleyale: "Swichi imekufa." Jana usiku taa iliwaka kwa simu, leo programu inasema swichi haipo mtandaoni, na mwenye nyumba tayari ameshika bisibisi. Aiweke chini kwanza. Ndani ya kile kiboksi cha ukutani mmebanwa vitu vitatu. Kuna sehemu inayoushusha umeme wa volti 230 kuwa volti chache za kulisha elektroniki. Kuna redio ya kuwasiliana na Wi-Fi. Kuna rilei, yaani swichi ndogo inayovutwa na sumaku ili kuunga au kukata waya wa taa. Cha nne kiko mbali kabisa na nyumba yako: seva ya kampuni iliyotengeneza swichi. Chochote kati ya hivyo kikigoma, wewe unachoona ni kimoja tu, taa haiitiki.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Iguse swichi yenyewe ukutani. Ikiwasha na kuzima taa kwa kidole, umeme wake ni mzima, rilei ni nzima, balbu ni nzima. Shida iko kwenye mtandao na hakuna sababu ya kufungua chochote. Ikiwa haisikii kidole na hata kijitaa chake cha pembeni kimezimika, haipati umeme. Ikilia "tik" na taa ikabaki vilevile ilivyokuwa, mashaka yanahamia kwenye balbu na rilei. Mguso mmoja umekuondolea zaidi ya nusu ya kazi, lakini watu wengi huuruka, wanakimbilia kufuta programu na kuipakua upya, jambo ambalo ni nadra sana kusaidia.

Kwenye mtandao, swali la kuuliza ni nini kimebadilika nyumbani. Mara nyingi jibu huja baada ya kimya kidogo: tumeletewa faiba, au ruta imebadilishwa, au kijana amebadilisha nenosiri kwa sababu majirani walikuwa wanajiunga. Swichi imehifadhi jina la Wi-Fi na nenosiri lake tu, na itaendelea kulitafuta jina lile la zamani hata kama ruta mpya iko hatua mbili kutoka ilipo. Wengi huanza kuziunganisha upya moja baada ya nyingine, kazi ya kumaliza siku nzima kwenye nyumba yenye vyumba vingi. Ipo njia fupi: ingia kwenye mipangilio ya ruta mpya, uipe jina na nenosiri la ile ya zamani, herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Swichi zitarudi zenyewe bila kuguswa.

Zisiporudi, angalia masafa. Swichi nyingi za bei nafuu zilijengwa juu ya chipu kama ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka mwaka 2014, na chipu hiyo inasikia gigahezi 2.4 tu. Ruta za sasa hurusha 2.4 na 5 chini ya jina moja, kisha hujaribu kuvisukuma vifaa kwenye 5. Zitenganishe kwa kuzipa majina mawili, au izime 5 kwa muda wakati wa kuunganisha. Angalia na aina ya ulinzi: ruta iliyowekwa kwenye WPA3 pekee huzifungia nje swichi za zamani, na dawa yake ni kuirudisha kwenye WPA2. Katika yote haya hakuna kifaa kilichoharibika hata kimoja.

Kukatika kwa umeme nako kuna vituko vyake. Umeme ukirudi, au ukishaingiza LUKU iliyoisha usiku, swichi huamka ndani ya sekunde chache wakati ruta bado inajivuta kwa dakika kadhaa. Swichi iliyoandikiwa programu vizuri hujaribu tena mpaka iipate Wi-Fi. Iliyoandikiwa vibaya hujaribu mara chache ikaacha, na hapo inatosha kuizima na kuiwasha kwenye saketi breka baada ya ruta kutulia. Balbu janja zina balaa la ziada: nyingi hufutwa kumbukumbu kwa kuziwasha na kuzizima mara tatu au zaidi kwa haraka. Umeme wa kukatakata wa jioni ya mvua hufanya kazi hiyohiyo bila kuombwa, nawe unaikuta balbu inapepesa ikisubiri kuunganishwa kama siku uliyoinunua. Aliyebuni utaratibu huo hakuwahi kukaa mtaa wenye transfoma iliyozidiwa.

Sasa tuje kwenye swichi isiyosikia hata kidole. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, na chanzo ni jinsi nyumba zetu zilivyofungwa waya. Tanzania na Kenya tulifuata mtindo wa Kiingereza: waya wa moto unashuka kutoka darini mpaka kwenye swichi, wa pili unapanda kurudi kwenye taa, basi. Nyutro inabaki hukohuko juu. Kwa swichi ya kawaida hilo halina shida, kwa kuwa kazi yake ni kukata na kuunga tu. Lakini swichi janja inatakiwa kuwa macho saa zote, hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro mkondo unaoilisha hauna njia ya kurudi.

Viwanda vikaja na ujanja wa swichi isiyohitaji nyutro. Hiyo hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo sana kwenye balbu yenyewe, hata taa ikionekana imezimwa. Balbu ya zamani ya wati 60 haikuonyesha dalili yoyote, kwa sababu mkondo huo haukutosha kuupasha moto waya wake. Balbu ya LED ina elektroniki ndani. Mkondo hujikusanya kwenye kapasita yake, inamulika kidogo, inazimika, inaanza kukusanya tena. Ndiyo ile taa inayometa usiku wa manane huku swichi imezimwa, ambayo katika nyumba nyingine imeshasababisha kuitwa shehe.

Sasa fikiria matokeo yake. Balbu imekuwa sehemu ya njia inayoilisha swichi. Balbu ikiungua, njia imekatika, na swichi inazimika pamoja nayo. Mwenye nyumba anaona swichi imekufa, anaibandua, ananunua nyingine, anaifunga, nayo inakataa kuwaka. Anakwenda kugombana na muuza duka. Kilichohitajika ni balbu. Hali nyingine inayofanana na hiyo hutokea mtu anapotoa balbu ya wati 12 na kuweka ya wati 3 ili abane matumizi: mkondo haupiti vizuri, swichi inaanza kujizima na kujiwasha. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu swichi ya aina hii, weka balbu nyingine unayojua ni nzima na yenye wati nyingi kidogo, uone. Na ile kapasita ndogo iliyokuja ndani ya boksi lake haikuwekwa kwa bahati mbaya. Mafundi wengi huitupa wakidhani ni ya ziada. Inafungwa kule juu kwenye taa, kati ya waya wa moto unaotoka kwenye swichi na nyutro, ili mkondo mdogo upitie humo badala ya kuisumbua balbu.

Lipo kosa jingine ambalo siwezi kulisema kwa upole. Fundi amepewa swichi inayotaka nyutro, akafungua boksi, akakuta nyutro haipo ila kuna waya wa ethi, akautumia huo. Swichi itawaka na mteja atafurahi. Ila sasa ethi, waya ambao umewekwa kwa ajili ya kukuokoa, unabeba mkondo wa kazi kila siku. Ukikatika mahali, umeme unaweza kujitokeza kwenye mwili wa friji au pasi. Kama breka ya kuzuia umeme unaovuja imeanza kuruka tangu swichi mpya zilipofungwa, shuku jambo hili kabla ya mengine, na umwite fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya. Hata wewe unayetaka kuchungulia tu, zima meni swichi kwanza na upime kwa testa. Kuizima taa kwenye simu hakutoshi: katika swichi isiyo na nyutro mkondo bado unapita.

Kuna siku lawama ni za laini ya umeme yenyewe. Nyutro ya mtaa ikikatika, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa kupitia vyombo vyao, na volti kwenye baadhi yake zinaweza kupanda kuelekea 400. Ukikuta televisheni, chaja na swichi vimekufa usiku mmoja, na jirani naye analia kilio hichohicho, usinunue chochote kabla shirika la umeme halijaja kupima.

Joto nalo huua, ila kwa mwendo wa pole. Kapasita zenye maji ya kemikali ndani hukauka, na wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka umri wake hupungua kwa nusu. Boksi lililobanwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, Tanga au Mombasa, si mahali pazuri pa elektroniki. Dalili ni swichi inayokuwa sawa ikiwa imezimwa, lakini ukiiwasha, kijitaa kinafifia, inalia tik-tik-tik na kuanza upya. Haina nguvu tena ya kuivuta rilei yake. Hiyo kweli imechoka, badilisha.

Rilei hufa kwa namna mbili. Balbu za LED huvuta mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo ya sekunde zinapowashwa, na zikiwa kumi kwenye swichi moja cheche inaweza kuzigandisha ncha za rilei. Programu itakuambia taa imezimwa na wewe unaiona inawaka. Namna ya pili, ncha zimeungua: mlio upo, mwanga haupo, na balbu uliyoipima ni nzima. Ile iliyoganda, kuigonga ukutani huifanya iachie kwa siku moja mbili. Usiizoee; ncha zilizoharibika hupata moto.

Na seva? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na kwingineko ukanda huu. Siku kama hiyo, swichi isiyo na njia ya kuamriwa ndani kwa ndani kupitia Wi-Fi ya nyumbani inasubiri ruhusa kutoka ng'ambo ili iwashe taa ya sebuleni kwako. Baya zaidi ni kampuni kufunga duka. Wateja wa Insteon ya Marekani waliamka Aprili 2022 wakakuta seva zimezimwa bila taarifa, mpaka kundi la wateja wenyewe lilipoinunua kampuni hiyo Juni mwaka huohuo.

Kwa hiyo dukani muulize muuzaji mambo mawili kabla ya rangi na bei: je, inatii kidole bila intaneti, na je, inatii simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile wakati ruta haina intaneti? La pili unaweza kulijaribu mwenyewe kwa kuchomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta. Na kama bado unajenga, mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi kabla ukuta haujapigwa lipu. Kwa wakati huo ni mita chache za waya kwa kila swichi. Baada ya hapo utamlipa mtu wa kuchimba ukuta, wa kuuziba na wa kuupaka rangi upya.