Je, Wajua? Dozi ndogo kwa pua isiyopona

Kiangazi kikikolea hapa Kindu, Kongo, vumbi la barabarani halichagui: wa pikipiki analo puani, na muuza samaki kando ya Lualaba vilevile. Mafua ya kawaida hupita. Pua ikibaki imeziba zaidi ya majuma 12, makamasi mazito yakishuka kooni, uso ukiuma na harufu ya chakula ikipotea, daktari huiita sinusiti sugu.

Je, wajua kwamba baadhi ya madaktari huitibu kwa antibiotiki inayotolewa kwa dozi ndogo mno, isiyoweza kuua vijidudu, tena kwa miezi? Dawa zenyewe ni za ukoo mmoja: erythromycin na ndugu zake.

Asili ya erythromycin ni udongo. Sampuli ilichukuliwa Iloilo, Ufilipino, na daktari Abelardo Aguilar, akaipeleka kampuni ya Eli Lilly huko Marekani. Bakteria aliyekuwamo ndiye aliyeitengeneza dawa, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1952. Kwa maambukizi ya kawaida mtu mzima humeza gramu moja hadi mbili kwa siku.

Dozi ndogo iligunduliwa Japani, karibu kwa bahati. Kulikuwa na ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukiua watu taratibu, na wengi wao walikuwa na sinusiti pia. Daktari Shoji Kudoh akakutana na mgonjwa aliyepata nafuu ya ajabu baada ya daktari wa mtaani kumpa miligramu 600 za erythromycin kila siku kwa takriban miaka miwili. Kudoh akawapa wengine dozi hiyohiyo. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, wagonjwa 63 hivi kati ya 100 ndio waliofikisha miaka mitano. Baada ya 1985 walikuwa 91. Na jambo linalonishangaza zaidi: bakteria aliyejaa kwenye mapafu yao, Pseudomonas, hafi kwa erythromycin. Dawa ilikuwa ikifanya kazi nyingine. Ilituliza kinga ya mwili iliyopandwa na hasira, ikapunguza chembe nyeupe zinazomiminika kwenye utando, ikakausha ute. Pua za wagonjwa nazo zikafunguka, na madaktari wa pua na koo wakaanza kuijaribu.

Je, inawafaa wote? La. Mwaka 2006 Australia ilipima wagonjwa 64 kwa roxithromycin, ndugu mmoja wa erythromycin, miligramu 150 kwa siku, miezi mitatu. Walipata nafuu, hasa wale ambao damu yao haikuonyesha dalili kubwa za mzio. Mwaka 2011, Ulaya, wagonjwa 60 walijaribiwa kwa azithromycin, ndugu mwingine, na haikuwazidi waliopewa kidonge kitupu. Mwenye pua inayochokozwa na mzio asitegemee sana njia hii.

Hapa Kindu lazima tutenganishe mambo mawili. Vidonge vitatu vya kununua dukani, umeze leo na kesho uache, navyo ni dozi ndogo, lakini si tiba hii. Havitoshi kuua bakteria, wala havikai muda wa kutuliza mwili; vinawafundisha tu bakteria kuizoea dawa. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kutoka nchini mwetu Salmonella wa damu aliyekwisha kuizoea azithromycin. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za ukoo huu katika kundi la kuangaliwa kwa makini.

Kuna suala la moyo pia. Erythromycin inaweza kuvuruga mapigo yake, na kinini, dawa ya malaria, nayo hivyohivyo. Katika mji wa malaria, mwambie mganga wako kila unachomeza.

Je, wajua kwamba kusuuza pua ndiko kunakopendekezwa kabla ya vidonge vyote hivi? Glasi ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, basi. Ila maji yachemshwe, yapoe, ndipo yaingie puani. Kuna amiba wa maji ya uvuguvugu, Naegleria fowleri, ambaye akipita puani hupanda hadi kwenye ubongo na kwa kawaida huua. Ukimmeza kwa kinywa hana madhara.