Mhandisi Mwanafunzi na Swali Lake Mwenyewe

Kwa miaka ya mwanzo ya elimu ya uhandisi mwanafunzi hupewa maswali ambayo majibu yake yako tayari mahali fulani, ama nyuma ya kitabu ama katika daftari la mwalimu, na kazi yake yote, ijapokuwa ni ngumu na yenye kukesha, ni kuifuata njia ambayo wengine wameipita kabla yake mpaka aifikie tarakimu ileile waliyoifikia wao. Ufikapo mwaka wa mwisho mambo hugeuka. Huambiwa atafute swali mwenyewe, aoneshe kuwa linastahili kuulizwa, alitafutie jibu kwa akili na mikono yake, aliandike jibu hilo kwa tafsili, kisha asimame mbele ya watahini alitetee. Kazi hiyo ndiyo iitwayo mradi wa mwaka wa mwisho, na wazazi wengi waliolipa ada kwa taabu huisikia ikitajwa nyumbani bila ya kujua ni jambo gani hasa linalomnyima kijana wao usingizi.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi ulianza kufundishwa mwaka 1973, shahada hii huchukua miaka minne. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho asili yake ni chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, huchukua miaka mitano. Taratibu hutofautiana kidogo baina ya chuo na chuo, lakini sura ya mradi ni moja: aghalabu muhula wa kwanza ni wa kuandika pendekezo na kusoma yaliyokwisha andikwa, na muhula wa pili ni wa kuunda, kupima na kuandika ripoti. Msimamizi huwapo, naye ni mtu wa kuulizwa na kuonya, si wa kutenda. Anayetenda ni mmoja.

Wapo wanaodhani kuwa mradi huu ni mashindano ya uvumbuzi, na kwamba asiyeleta chombo ambacho dunia haijapata kukiona hakufanya kitu. Dhana hiyo imewaharibia kazi vijana wengi wenye vipaji, kwa sababu huwafanya wachague jambo kubwa lisilopimika, wakaishia na mashine nusu na ripoti iliyojaa matumaini. Kinachotahiniwa katika mradi ni uamuzi wa mwanafunzi: namna anavyochagua kipi kifanywe na kipi kiachwe, namna anavyojua ni kipimo gani cha kuaminiwa na kipi cha kutiliwa shaka, na kama anao uadilifu wa kukiri kile ambacho kazi yake haikukithibitisha. Mashine ni shahidi tu katika kesi hiyo.

Jambo hili hufahamika vizuri kwa mfano, nami ningependa kuuchukua mmoja na kukaa nao. Mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo ametoka katika nyanda za juu, tuseme upande wa Lushoto, ambako vijito hutiririka chini mabondeni na nyumba hujengwa juu vilimani, na maji hupandishwa kwa vichwa vya wanawake na watoto. Anafika kwa msimamizi wake na kusema, "Mwalimu, nataka kutatua tatizo la maji vijijini." Nia hiyo ni njema kabisa, lakini si swali, maana hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema limekwisha jibiwa. Baada ya majuma kadhaa ya kusoma anarudi akisema kuwa atashughulika na haidramu, yaani pampu inayopandisha maji bila mafuta wala umeme. Sasa amekaribia, ila bado ni jina la chombo. Anarudishwa tena, na safari hii anauliza: katika haidramu iliyoundwa kwa vifaa vinavyopatikana madukani mwetu, uzito wa valvu ya kumwaga ukibadilishwa, kiasi cha maji kinachofika juu hubadilika vipi? Hapo ndipo mradi umezaliwa. Swali limekuwa dogo kiasi cha kushikika, lina kitu cha kubadilisha, lina kitu cha kupima, na jibu lake, liwe zuri au baya, litamfaa mtu mwingine.

Haidramu yenyewe ni chombo cha kale. Mwaka 1772 Mwingereza John Whitehurst aliunda pampu ya namna hii iliyohitaji mtu wa kuifungulia na kuifungia maji kwa mkono. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, ambaye pamoja na ndugu yake walikuwa wamekwisha kurusha puto la hewa ya moto, aliifanya ijiendeshe yenyewe. Utendaji wake ni huu. Maji ya kijito huteremka katika bomba lililolala mteremko na kutoka nje kwa valvu ya kumwaga, iliyo wazi upande wa chini. Kadiri yanavyoteremka ndivyo yanavyozidi kasi, mpaka kasi hiyo huisukuma valvu ikafunga ghafula. Maji yaliyokuwa mbioni hukosa pa kwenda, shinikizo hupanda mara moja, na shinikizo hilo huifungua valvu ya pili inayoingia katika chumba cha hewa, ambamo sehemu ndogo ya maji hupenya na kusukumwa kupanda kilima. Shinikizo likishapungua, valvu ya kwanza huanguka kwa uzito wake, maji huanza kukimbia tena, na mwendo huo hurudiwa, mathalan mara 50 au 60 kwa kila dakika, usiku na mchana.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mtu yeyote aliyesoma darasani. Ikiwa lita 60 kwa dakika zinaanguka kimo cha mita 2, na maji yanatakiwa yapande mita 20, na pampu inatumia vema asilimia 60 ya nguvu iliyopewa, basi lita 3.6 kwa dakika zitafika juu. Kiasi hiki chaweza kudharauliwa na msikiaji, lakini kwa siku nzima ni zaidi kidogo ya lita 5,000, nazo ni lita 20 kwa kila mtu katika kitongoji cha watu 250, bila ya senti moja ya mafuta.

Kazi ya karakana hukwenda na msiba wake. Bomba la plastiki, ambalo ni rahisi kwa bei, hutanuka kidogo kila shinikizo linapopanda na hivyo kulimeza pigo lile lile ambalo ndilo uhai wa pampu. Kwa hiyo bomba la kuteremshia sharti liwe la chuma, na bei ya chuma humlazimu mwanafunzi kulifupisha bomba katika michoro yake. Mtungi wa gesi uliokwisha kazi waweza kuwa chumba cha hewa, baada ya kuondolewa gesi kwa uangalifu mkubwa kabla ya moto wowote kusogezwa karibu nao. Yasiyowezekana katika karakana ya chuo hupelekwa kwa mafundi wa mjini, Gerezani kwa walio Dar es Salaam, Kamukunji kwa walio Nairobi, Katwe kwa walio Kampala, na huko mwanafunzi hupata mwalimu asiyekuwamo katika orodha ya wahadhiri. "Shikamoo, fundi," huanza, akiikunjua michoro yake. Fundi huitikia marahaba, huitazama michoro kwa kitambo, kisha huuliza, "Sasa, mwanangu, boliti hii ya ndani nitaikaza kwa mkono upi?" Hakuna kitabu kilichomwuliza hivyo. Naona ni hasara kubwa kwamba ripoti nyingi huwashukuru wahadhiri kwa majina na vyeo, na mafundi hawa, ambao pengine waliokoa mradi mzima, hawapati hata mstari.

Siku pampu inapoanza kugonga kwa mara ya kwanza mwanafunzi hufurahi na kudhani amemaliza. Kwa hakika ndiyo kwanza anaanza, kwa kuwa sasa inampasa kupima, na katika kupima ndiko elimu ya uhandisi iliko. Tumwangalie akiwa na ndoo ya lita 20 na saa mkononi. Maji yanayofika juu huijaza ndoo hiyo kwa dakika tano na nusu, na kama kidole chake kimechelewa sekunde moja kuizuia saa, kosa lake halifiki hata nusu ya asilimia moja. Lakini maji yanayomwagika chini, ambayo ni lita 56 hivi kwa dakika, huijaza ndoo ile ile kwa sekunde 21 tu, na uchelewaji wa sekunde ile ile moja huwa kosa la karibu asilimia 5. Saa ni moja, ndoo ni moja, mtu ni mmoja. Imani inayostahili kupewa vipimo viwili hivi ni mbalimbali kabisa. Akisema sasa kwamba valvu nzito imempa ufanisi wa asilimia 60 na valvu nyepesi 58, na kwamba kwa hivyo nzito ni bora, atakuwa amesema jambo asilolijua, kwani tofauti aliyoiona yaweza kuwa ya kidole chake. Dawa yake si ghali: pipa la lita 200 mahali pa ndoo, kurudia kila kipimo mara kadhaa, na kuandika kila namba iliyopatikana, pamoja na zile zisizopendeza.

Namba zisizopendeza zahitaji kutetewa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba katika Tanganyika, aliona katika kutengeneza aiskrimu kuwa mchanganyiko wake uliotiwa katika friza ungali moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka, lakini mhadhiri yule alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa. Wanasayansi wangali wakibishana juu ya jambo hilo hadi leo, lakini kwa mwanafunzi wa mradi lililo aula ni kwamba kijana yule hakukifuta alichokiona kwa sababu hakikulingana na alichofundishwa.

Turudi kwenye pampu. Imefanya kazi vema kwa siku kadhaa, kisha mlio wake hubadilika ukawa mkali kama nyundo juu ya fuawe, viungo vya bomba huanza kuvuja, na maji yafikayo juu hupungua. Hakuna kilichovunjika. Mwanafunzi asiyezoea kufikiri peke yake hukimbilia kubadilisha valvu, na mwenye utulivu hukaa na kujiuliza ni kitu gani kilichokuwamo mwanzoni ambacho sasa hakimo. Jibu ni hewa. Hewa iliyobanwa katika chumba huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji na kuchukuliwa nayo, mpaka chumba hujaa maji matupu ambayo hayana ulaini wa kulipokea pigo. Kitundu chembamba, kilichotobolewa chini kidogo ya valvu ya pili, huiruhusu pampu kuvuta pumzi kidogo katika kila mwendo na kuirudisha hewa iliyopotea. Kurasa mbili zitakazoandikwa juu ya hitilafu hiyo, namna ilivyotokea, ilivyochunguzwa na ilivyotibiwa, zina thamani kuliko kurasa 20 za historia ya pampu zilizonakiliwa kutoka vitabuni.

Kunakili, kwa masikitiko, ndilo donda la miradi hii. Siku hizi kuna watu wanaouza ripoti zilizo tayari, na kuna vijana wanaozinunua, alhali kila aliyeketi kumhoji mwanafunzi kwa dakika kumi hujua kama mikono yake iliigusa kazi au haikuigusa. Sina ukali kwa anayeshindwa. Pampu iliyokataa kufanya kazi, ikiwa sababu zake zimetafutwa kwa bidii na kuandikwa kwa ukweli, yastahili alama njema, na watahini wenye insafu huzitoa. Asiyestahili ni yule aliyeleta grafu laini mno ya vipimo ambavyo havikupimwa. Mtu huyo, baada ya miaka michache, ataweka sahihi yake juu ya hesabu za daraja au za mtambo wa mvuke. Tanzania ilitunga sheria mwaka 1997 ya kuunda bodi ya kuwasajili wahandisi na kuangalia mwenendo wao, na sheria hiyo ina maana kubwa kwa sababu wavukao daraja hawana njia ya kuzikagua hesabu zake.

Uandishi usingojewe mpaka mwisho. Aandikaye kila jioni aliyoyafanya mchana, pamoja na tarehe, michoro ya penseli na sababu za kila uamuzi, huikuta ripoti yake imekwisha jiandika nusu ifikapo Aprili au Mei. Na aachaye huandika kwa kukumbuka, na kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Katika utetezi mbele ya watahini daftari hilo ni kinga kuliko ufasaha. Swali ambalo watahini wazoefu hupenda kuliuliza ni hili: ni namba ipi katika ripoti hii unayoiamini kidogo kuliko zote, na kwa nini? Mwenye kazi yake hulijibu bila kusita, tena kwa namna ya furaha, kwa kuwa ameishi na namba hiyo kwa miezi.

Kisha ripoti hujalidiwa na kuwekwa rafuni, na hapo vyuo vyetu vina deni. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata huanza tena haidramu kutoka mwanzo, kana kwamba hakuna aliyepita, ilhali mwenzake ameacha nyuma swali lililo wazi kabisa: mpira wa valvu, ulioundwa kwa tairi kuukuu, ulianza kulika baada ya muda mfupi, na haijulikani ngozi au plastiki ngumu ingedumu kiasi gani kwa mapigo 80,000 ya kila siku. Laiti kila idara ingemtaka mwanafunzi mpya asome ripoti tatu za waliomtangulia kabla ya kuandika pendekezo lake, swali hilo la mpira lingekuwa na jibu, na pampu iliyoachwa nyuma ya karakana ingekuwa sasa kijitoni.